Bunduki Ina Namba, Mpagazi Hana

Wajukuu zangu,

Bunduki ya kale ikipatikana huku kwetu kusini, iwe imeibuliwa darini katika nyumba ya marehemu au imetoka na jembe la trekta shambani, najua mnachoulizana kijiweni. Swali la kwanza ni bei yake. La pili ni iliua watu wangapi. Sina nia ya kuwakemea. Kijana anayetafuta riziki lazima aulize bei, na habari za vita zina utamu wake kwa damu changa. Lakini mkianzia hapo mtaishia hapo, na habari yenyewe itawapita. Bunduki ya jeshi inasomeka. Nipeni sikio niwaonyeshe namna ya kuisoma, kwa sababu mkiisoma mpaka mwisho itawafikisha kwa mtu ambaye hakuandikwa popote, na huenda mtu huyo ni wa damu yenu.

Kabla ya yote, usalama na sheria. Msijaribu kuipiga, hata mkiambiwa risasi zake zimeshaoza. Chuma kilicholala kwenye unyevu miaka mia hakiaminiki, na mtutu ukipasuka humpasukia mpigaji usoni. Msiigonge bolti kwa nyundo ili ifunguke, maana hamjui kama ndani mmelala risasi. Mkikuta ardhini dude la chuma lenye kutu lililochongoka mbele, msiliguse wala msilihamishe. Wekeni alama, waiteni polisi. Na bunduki yenyewe isikae nyumbani. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mtu asitegemee kwamba uzee wa silaha utamtetea mbele ya hakimu. Mtafuteni mwenyekiti wa kijiji, mwende naye kituoni, na muombe watu wa makumbusho wajulishwe. Mkifanya hivyo mapema hakuna atakayewaita majambazi.

Jingine ni hili: msiisugue. Nimeona bunduki iliyopigwa msasa hadi ikang'aa kama sufuria ya harusi, na aliyeipiga msasa alijivuna sana. Alikuwa ameifuta. Maandishi yote yaliyokuwa ubavuni, ambayo yangeweza kutuambia imetoka wapi na ilikuwa ya nani, yalikwenda na vumbi la msasa. Ifuteni kwa kitambaa kikavu, ipigeni picha pande zote, andikeni mmeipata wapi, siku gani, ikiwa imelala vipi na pamoja na nini. Ganda moja la risasi lililokutwa karibu nayo lina thamani kuliko hadithi kumi za kijiweni.

Sasa tuisome.

Huku kwetu, bunduki ya Kijerumani mtakayoikuta mara nyingi ni Mauser ya mwaka 1871. Ni nzito, mtutu wake mpana wa milimita 11, na haina chemba ya kuweka risasi nyingi: unafungua bolti, unatia moja, unafunga, unapiga, unafungua tena. Ubavuni pana herufi za Kijerumani za mtindo wa zamani na tarakimu 71. Kisha tazameni namba. Kwenye mtutu ipo, kwenye bolti ipo, na ukiwa na kioo cha kukuzia utazikuta tarakimu mbili za mwisho hata juu ya skrubu. Fundi wa jeshi alitaka kila kipande kirudi kwenye bunduki yake kikitolewa kusafishwa. Namba zikilingana, bunduki hiyo imekaa na viungo vyake tangu kiwandani. Zikitofautiana, huenda iliwahi kuvunjika, ikaungwa kwa viungo vya nyingine, na labda ilipita mikononi mwa mtu aliyekuwa na shida.

Silaha hiyo ilikuwa imeshapitwa na wakati Ulaya. Jeshi la Ujerumani lenyewe lilikwisha kuchukua Mauser ya 1898, yenye risasi tano na baruti isiyotoa moshi. Zile kuukuu zikaletwa makoloni. Kwa hiyo Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, askari wapatao 2,500 wa jeshi la Wajerumani katika nchi yetu walikuwa katika kampuni 14, na nyingi kati ya hizo bado zilishika ile ya 1871. Baruti yake nyeusi ilitoa wingu jeupe kila risasi ilipolia, na adui alijua papo hapo mpigaji amelala nyuma ya kichaka gani. Fikirini mtu wa miaka ishirini anayejua kwamba akifyatua tu, moshi wake mwenyewe utamchongea.

Na msisahau kwamba bunduki za namna hiyohiyo ndizo zilizowapiga babu zetu katika Vita vya Majimaji, walipowapinga Wajerumani kuanzia 1905 hadi 1907, na walioshika nyingi kati ya hizo walikuwa Waafrika. Nendeni Songea kwenye Makumbusho ya Majimaji, mahali wanapokumbukwa walionyongwa Februari 1906, mkasimame pale kwa muda. Ndiyo sababu napata shida mtu anaponiambia kwa fahari kwamba babu yake alikuwa askari wa Mjerumani, akaishia hapo. Fahari naielewa. Yule mzee alitembea mbali, alivumilia makubwa, na walio wengi hawakupewa nafasi ya kuchagua sana. Lakini ukiitwaa fahari ya Tanga, utwae na uchungu wa Ungoni, kwa kuwa bunduki iliyopiga kotekote ni aina moja.

Tanga ndiko iliko fahari hiyo. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha pale jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India. Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, alikuwa na kama elfu moja. Waingereza walishindwa, wakarudi melini, wakaacha ufukweni mamia ya bunduki, bunduki za rashasha na mamia ya maelfu ya risasi. Askari walizitwaa. Tangu siku hiyo vita hivi viliendeshwa kwa namna hiyo: silaha za leo zilikuwa za adui jana. Mkikuta bunduki ya Kiingereza mahali walipopita Wajerumani tu, msidhani kuna kosa.

Aprili 1915 ikaja meli Rubens kutoka Ujerumani, imejificha kwa bendera ya nchi nyingine, ikiwa na shehena ya bunduki za kisasa na mamilioni ya risasi. Manowari ya Kiingereza, Hyacinth, iliifumania katika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaipiga mizinga, ikaondoka ikiamini imekwisha. Rubens ilikuwa imekaa kwenye maji ya kina kifupi. Wapiga mbizi wakashuka, kasha moja baada ya jingine likapanda. Bunduki ziliokoka, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Basi zikafunguliwa moja moja: kichwa cha risasi kinang'olewa, baruti inamwagwa na kuanikwa ikauke, ganda linasafishwa, fataki iliyoharibika inabadilishwa, kisha baruti inarudishwa na kichwa kinakazwa tena. Mara ngapi? Mamia ya maelfu ya mara. Katika vitabu vya vita tukio hili husifiwa kama werevu wa Wajerumani, na ni kweli ulikuwa werevu. Mimi nikilisoma huiona mikono. Vidole vya nani vilifungua risasi zile siku nzima, siku baada ya siku, na baruti imejaa chini ya kucha? Kitabu hakisemi.

Sasa njooni kwenye bunduki ninayotaka muijue kuliko zote, kwa sababu njia yake imepita karibu na kwetu. Inaitwa Mauser-Vergueiro, ya mwaka 1904, mtutu wa milimita 6.5.  Juu ya chuma, pale mtutu unapoingia, pana taji, na chini yake herufi za jina la Mfalme Carlos wa Kwanza wa Ureno. Geuzeni ubavu: pameandikwa jina la kiwanda cha Berlin. Bunduki ya Mreno, iliyobuniwa na ofisa wa Kireno kwa kurekebisha Mauser, imetengenezwa na Wajerumani na kulipiwa na hazina ya mfalme.

Mfalme Carlos aliuawa Lisbon Februari 1908. Miaka miwili baadaye Ureno ikawa jamhuri, lakini taji lilibaki juu ya chuma, na bunduki zikasafirishwa na taji lao hadi Msumbiji. Tarehe 25 Novemba 1917, Lettow-Vorbeck akiwa amefukuzwa kutoka nyanda za Lindi na Masasi, watu wake wana njaa na risasi zimebaki haba, alivuka Ruvuma akawavamia Wareno huko Ngomano, mahali mto Lugenda unapoingia Ruvuma. Kamanda wa Wareno, Meja João Teixeira Pinto, aliuawa. Ilipofika jioni, jeshi lililokuwa linakufa kwa ukata lilikuwa limepata bunduki za kuwatosha nusu ya askari wake, pamoja na risasi robo milioni. Ile Mauser ya 1871 yenye moshi sasa ingeweza kutupwa. Mkiiokota moja kando ya Ruvuma, mjue huenda iliachwa siku hizo na mtu aliyefurahi kuachana nayo.

Hebu itazameni safari hiyo. Imefuliwa Berlin, imetiwa taji la Lisbon, imepelekwa Msumbiji, na hatimaye imenyakuliwa na mtu labda kutoka Unyamwezi au Usukuma, kwa faida ya Kaisari wa Ujerumani, dhidi ya Wareno walioinunua. Katika mkataba huo wote wa wakubwa, aliyeishika hakuwa na sehemu. Yeye alipewa shabaha tu.

Mwaka mzima uliofuata Lettow-Vorbeck na watu wake walizunguka Msumbiji, wakapora ghala jingine la silaha Namacurra Julai 1918, wakarudi kupitia Songea, wakaingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Vita vilikuwa vimekwisha Ulaya tarehe 11 Novemba, wao wakapata habari baadaye. Walisalimu amri Abercorn, mji uitwao Mbala sasa, tarehe 25 Novemba 1918. Ilikuwa mwaka mmoja kamili tangu Ngomano.

Kilichokabidhiwa siku hiyo kiliandikwa, nami nataka muisome orodha hiyo polepole. Mzinga mmoja, wa Kireno. Bunduki za rashasha 37, na katika hizo za Kijerumani ni 7 tu. Bunduki za kawaida 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Risasi 208,000. Risasi za mzinga 40. Wazungu 155. Askari 1,168. Wapagazi 1,522.

Jeshi la Kijerumani lilisalimu amri bila hata bunduki moja ya kawaida ya Kijerumani. Wanahistoria hupenda kusimama hapo na kustaajabu. Ninyi msisimame. Endeleeni mpaka kwenye risasi.

Risasi moja ya bunduki za aina hizo, pamoja na ganda lake, ina uzito wa kama gramu 25. Zidisheni kwa 208,000. Ni zaidi ya tani 5 za shaba, risasi na baruti, mahali pasipo na reli, pasipo na lori, na penye mbung'o wanaomaliza punda. Mpagazi alitwishwa kilo 25 hivi. Kwa hiyo risasi zile peke yake zilihitaji vichwa zaidi ya 200 vya watu, kila kichwa na risasi elfu moja, kutoka pori moja hadi jingine. Na hapo hatujahesabu unga, dawa, machela za majeruhi, na mitutu ya rashasha. Hatujawataja wake wa askari waliofuata msafara huo wakiwa na masufuria na watoto mgongoni, na wengine wakijifungua njiani.

Kila mtutu kati ya ile 1,071 ulikuwa na namba yake. Wapagazi 1,522 waliandikwa kwa jumla tu, kama magunia. Hapo ndipo nilipokuwa nikiwapeleka.

Na hao ni wale waliofika mwisho. Upande wa Waingereza ulichukua watu wengi zaidi. Walioandikishwa kubeba katika Afrika Mashariki na nchi jirani, kwa miaka yote ya vita, huhesabiwa kukaribia milioni, na waliokufa, hata kwa hesabu za serikali yenyewe ambazo zilikuwa pungufu, ni takriban laki moja. Wengi hawakuuawa na bunduki yoyote. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa kichomi cha mvua za porini, kwa unga uliopikwa nusu. Vitongoji vya Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi vilikuwa kambi zao. Upande wa Wajerumani hakuna daftari la kuaminika: wapagazi walishikwa vijijini, wakabebeshwa, na waliotoroka au kufa walijazwa na wengine kutoka kijiji kilichofuata.

Wala haikuishia kwa waliobeba. Pande zote mbili zilikula vijiji. Ng'ombe walichukuliwa, mtama ukachukuliwa, wanaume wa kulima wakachukuliwa, halafu mvua nazo zikakataa. Wazee wa Ugogo wanaikumbuka njaa iliyofuata, tangu 1917 hadi 1920, kwa jina la Mtunya. Watu wapatao 30,000 walikufa katika nchi ile. Mkiwa na rafiki kutoka Dodoma, mwulizeni kama kwao jina hilo bado linatajwa. Iko bunduki inayoua bila kufyatuliwa, na hiyo haimo katika hesabu ya makumbusho yoyote.

Pale Dar es Salaam, katikati ya jiji, kuna sanamu ya askari wa shaba, iliyosimamishwa 1927, ameelekeza singe yake upande wa bandari. Wengi wenu mmeipiga picha. Nairobi nako kuna mnara wa wakati huohuo, na kati ya sanamu zake tatu mmojawapo ni mpagazi. Naushukuru sana mnara ule wa Nairobi. Mkifika, mtazameni yule asiye na bunduki kwanza.

Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba wazee walikusanyika Mwanza na wengi hawakuwa na cheti chochote, basi ofisa wa benki akawapa ufagio mmoja mmoja, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na kila mzee akaunyanyua ufagio begani vile alivyofundishwa ujanani. Mwili ulikuwa umehifadhi ushahidi ambao karatasi ilikuwa imepoteza. Hadithi hii nimeipenda muda mrefu, na bado inaniuma. Kwa mpagazi hakuna gwaride la kumtambulisha. Shingo iliyobonyea kwa mzigo haipokelewi benki.

Sasa turudi kwenye bei, maana sikuisahau. Atakuja mtu, pengine na gari zuri, atawapa hela ya pikipiki kwa bunduki yenye taji la Carlos. Anajua anachokifanya. Katika soko la wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, bunduki yenye historia iliyothibitishwa hulipiwa mara nyingi ya ile isiyo na historia, na historia hiyo ni ninyi mnaoimiliki: mahali, siku, kumbukumbu za mzee aliyeihifadhi. Akiiondoa hapa kwa siri, chuma kitapata bei, lakini habari yake itakatika, na hakuna fundi wa Berlin atakayeiunga.

Na kwa kuwa hela ipo, uongo nao upo. Wapo wanaochonga jina kwenye kitako, au kugonga muhuri wa jeshi juu ya chuma kuukuu ili kiuzike. Jifunzeni kukagua. Kutu hula kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo muhuri wa kweli umeliwa pamoja na chuma kinachouzunguka. Kingo zake zimelegea, na kovu la kutu linakatiza herufi. Mkiona herufi zimeingia safi hadi ndani ya shimo la kutu, muhuri umegongwa baada ya kutu, yaani majuzi. Hadithi za watu zikaguliwe vivyo hivyo, kwa heshima. Mzee akisema bunduki hii ilikuwa Tanga 1914, na ukaikuta ina taji la Mreno, usimbishie mbele ya watu. Mwulize kwa upole nani alimsimulia, na aliyesimulia alisema alitembea kutoka wapi hadi wapi. Mara nyingi jina la vita ndilo limechanganyika, lakini majina ya mito aliyovuka ni sahihi, na majina hayo ndiyo yatakayowaonyesha ilipotoka.

Anzeni kazi hii msimu huu wa kiangazi, kabla wale waliowasikia askari na wapagazi wenyewe hawajaisha. Chukueni daftari, mwende nyumba kwa nyumba, mkaanzie kwa bibi zenu, maana mama zao na bibi zao ndio waliobaki nyumbani na ndio waliohesabu nani hakurudi. Msiulize kwanza nani alikuwa na bunduki. Ulizeni nani alichukuliwa kubeba. Andikeni jina lake, la baba yake, kijiji chake, alichukuliwa na upande gani, alibeba nini kama inajulikana, alirudi au hakurudi, na kama alirudi, alikuwa na hali gani. Kwa asiye na jina, andikeni alikuwa kaka wa nani. Nakala moja ipelekeni makumbusho pamoja na bunduki yenu, ya pili iacheni kwa mwalimu mkuu wa shule ya hapa kijijini, na ya tatu nileteeni mimi.